Naomba ushauri: uvimbe wa mafuta begani mwa mama yangu
Assalamu alaykum ndugu zangu. Mama yangu, ambaye ninaishi naye hapa Wete, Pemba, ana uvimbe nyuma ya bega ulioanza mdogo kama punje ya kunde, na sasa, baada ya miaka 4 hivi, umefikia ukubwa wa ndimu. Ni laini, hauumi, na ukibonyezwa huteleza chini ya ngozi. Daktari alituambia kuwa ni lipoma, yaani mkusanyiko wa seli za mafuta usio saratani, ambao unaweza kuachwa ulivyo au kuondolewa kwa upasuaji mdogo wa ganzi.

Majirani wanamshauri auchue kwa mafuta ya karafuu au autumbue, jambo ambalo silikubali kabisa, kwani kuchua hakuyeyushi lipoma na kuutumbua kutamletea kidonda.

Ninachoogopa ni kwamba uvimbe unaozidi sentimita 5, unaokua haraka, mgumu au wenye maumivu huhitaji uchunguzi zaidi, na wa mama unakaribia kipimo hicho. Je, mliowahi kufanyiwa upasuaji huu mnaona tusubiri, au tuvuke Unguja mapema? Na baada ya siku ngapi mliweza kuinua ndoo ya maji?