Kompyuta inawaka, printa yake inachapa, lakini skrini ni giza tupu

MamaSteshenari (Iringa)

Habari za jioni ndugu zangu. Nina steshenari ndogo hapa Iringa karibu na chuo. Huu ni msimu wa wanafunzi kujaza maombi ya mkopo wa HESLB, kwa hiyo mashine ikilala siku moja naumia kweli.

Ni kompyuta ya mezani, niliinunua ya mtumba mwaka jana. CPU ni ile nyeusi ndefu, i5 ya kizazi cha 10, RAM GB 8, SSD ya GB 256, Windows 10. Ndani ilikuwa na kadi ya grafiki GT 710, ile inayopeleka picha kwenye skrini. Jumatatu skrini ilianza kutoa mistari ya rangi, tukafungua tukakuta feni ya kadi haizunguki. Jumanne asubuhi giza.

Kijana wangu wa dukani akasema tuitoe kadi, tuchomeke waya wa skrini kwenye tundu la VGA la bodi yenyewe (bodi mama), ile iliyo juu karibu na matundu ya USB. Ilikuwa imezibwa na kifuniko cha plastiki, tukakitoa. Skrini inaandika kwamba haipati mawimbi, halafu inalala. Tumejaribu na HDMI ya bodi kwenye televisheni ya nyumbani, hali ni ile ile.

Kinachonichanganya ni hiki. Nikibonyeza NumLock, taa ya kibodi inawaka na kuzima. Na printa kubwa imeungwa kwenye hiyo hiyo kompyuta, lakini nikituma kazi kutoka laptopu kupitia WiFi, karatasi inatoka! Fundi wa hapa jirani amekuja akaangalia dakika kumi, akasema bodi imekufa, anataka 180,000 aweke nyingine. Hela hiyo sina kwa sasa. Naombeni msaada, ni bodi kweli?

Mvuvi_wa_Kisauni

Pole sana dada. Kabla ya bodi, chomoa RAM, sugua zile meno za dhahabu kwa raba ya kufutia penseli, rudisha mpaka zilie "ta". Mashine tatu nimezifufua hivyo hapa Mombasa. Na hakikisha skrini yenyewe umeiweka kwenye VGA, si HDMI, maana skrini nyingine hazijitafutii.

Ngarenaro88

Yangu ilinifanyia hivi hivi nilipotoa kadi. BIOS, ile programu ya bodi inayoamsha kompyuta, ilikuwa imewekwa itafute picha kwenye kadi tu, isiangalie kwingine. Zima, chomoa waya wa umeme, toa ile betri ya duara ya CR2032 kwenye bodi, subiri dakika tano, rudisha. Mipangilio ikarudi ya kiwandani na picha ikaja.

MamaSteshenari

Asanteni kaka zangu. Raba nimefanya, betri nimetoa dakika kumi kabisa, skrini nimeibana kwenye VGA. Hakuna kilichobadilika. Printa bado inachapa.

FundiWaIgoma (Mwanza)

Dada, shikamana na hiyo printa, ndiyo shahidi wako mkubwa. Kompyuta ambayo RAM yake haisomeki haifiki kwenye Windows. Kompyuta yenye bodi iliyokufa haipokei kazi kwa WiFi ikaipeleka kwenye printa. Yako inawaka, inapakia Windows, inaunganika na mtandao, inafanya kazi. Kinachokosekana ni picha peke yake. Kwa hiyo usitoe hiyo 180,000, tafadhali, angalau mpaka tumalize hapa.

Nina swali moja tu, nalo nalitaka kwa herufi zake zote. Umesema CPU ni nyeusi ndefu. Hilo ni kasha. Mimi nauliza prosesa, kile kipande cha chuma kilicho chini ya feni ya katikati. "i5 ya kizazi cha 10" haitoshi. Jina lake kamili ni lipi, na mwishoni kuna herufi gani? Usifungue feni kwanza. Tafuta risiti, boksi, au picha yoyote aliyokutumia muuzaji.

MamaSteshenari

Nimerudi nyuma kwenye WhatsApp mpaka mwezi aliponiuzia. Kuna picha aliyoipiga ya ukurasa wa mfumo. Imeandikwa: Intel(R) Core(TM) i5-10400F CPU @ 2.90GHz.

FundiWaIgoma

Hiyo F ya mwisho ndiyo jibu lako. Bodi yako ni nzima.

Naomba nieleze kwa urefu kidogo, kwa sababu naona watu wengi wanabadilishiwa bodi nzima kwa jambo hili na linaniuma.

Sisi mafundi tumezoea kusema "VGA ya bodi". Zamani ilikuwa kweli. Kwenye zile mashine za Core 2 Duo zenye bodi za G41, grafiki ilikuwa ndani ya chipu iliyoganda kwenye bodi, kwa hiyo ukiweka prosesa yoyote picha inakuja. Mwaka 2010 Intel wakaanza kuihamishia upande wa prosesa, na kufikia prosesa zao za Sandy Bridge mwaka 2011 ikawa imo ndani ya kipande kile kile. Tangu hapo tundu la VGA au HDMI unaloliona nyuma ya bodi ni mlango tu. Anayechora picha yuko kwenye prosesa. Kama hayupo, mlango unabaki wazi na hapiti mtu.

Mwaka 2019 wakaanza kuuza prosesa zenye F mwishoni, i5-9400F ikiwa miongoni mwa za mwanzo. Hizo sehemu ya grafiki imezimwa, huwezi kuiwasha kwa BIOS wala kwa programu. i5-10400 ya kawaida ina UHD Graphics 630. i5-10400F ni ile ile, viini sita vile vile, lakini picha haitoi. Aliyeijenga mashine yako alijua, ndiyo maana aliweka GT 710 na akaacha VGA ya bodi na kifuniko chake. Kile kifuniko cha plastiki kilikuwa kinakwambia kitu.

Ushauri wa Ngarenaro88 kuhusu betri ni mzuri, na kwa prosesa isiyo na F ungeweza kuleta picha. Nisingeuruka. Ila usifanywe wa kwanza kabla ya kusoma herufi. Bodi nazo hazifanani: nyingine zikikosa grafiki zinapiga mlio na kukataa kuendelea, nyingine kama yako zinanyamaza na kuingia Windows gizani. Hapo ndipo mtu anadanganyika.

Sasa una njia mbili. Ya kwanza, ubadilishe prosesa: i3-10100 au i5-10400 isiyo na F, zote zinakaa kwenye soketi (kikalio cha prosesa kwenye bodi) hiyo hiyo ya LGA1200. Mtu asikuuzie ya kizazi cha 11 kwa kuwa "soketi ni moja", bodi nyingi zenye chipu ya H410, za bei ya chini za kizazi cha 10, hazizikubali, na sijui yako ni ipi. Kubadilisha kunataka mkono mtulivu, maana pini za soketi ni laini kama unywele, moja ikipinda ndiyo utahitaji bodi kweli.

Ya pili, kadi nyingine ndogo. Kwa kazi yako ya Word, PDF na tovuti, ningechukua hii. Tafuta GT 710 isiyo na feni, ile yenye bati la kupoozea tu. Inakula wati 19, pawa saplai yako haitajali, na feni haipo ya kufa. Tazama matundu kabla hujalipa! Skrini yako ni ya VGA. Kadi za GT 1030 kwa kawaida zina HDMI na DVI-D, na DVI-D haitoi mawimbi ya VGA hata ukiweka kiunganishi cha bei rahisi. Utarudi nyumbani na giza lile lile.

Ngarenaro88

Fundi, asante, nimejifunza. Na upande wa prosesa za AMD, washindani wa Intel, je? Nataka kujenga yangu bila kadi.

FundiWaIgoma

Kwa prosesa zao za Ryzen za soketi ya AM4 tafuta G mwishoni: Ryzen 5 5600G inatoa picha. Ryzen 5 3600 na 5600X hazitoi. Ukikuta 5600G kwenye bodi ya zamani na haiwaki, uliza kwanza toleo la BIOS, huenda bodi haijawahi kuambiwa kwamba prosesa hiyo ipo. Za Ryzen 7000 nyingi zina grafiki ndogo ndani, lakini 7500F haina. F tena.

MamaSteshenari

Fundi, nimerudi. Mwanafunzi mmoja wa hapa chuoni aliniazima kadi yake ya zamani jana nijaribu, nikaona ukurasa wa Windows kwa macho yangu. Nilikaa chini kabisa. Leo nimepata GT 710 isiyo na feni, yenye VGA, kwa 65,000. Tulimaliza kuiweka saa moja usiku, na fomu zilizokuwa zimekwama tumechapa zote mpaka saa nne. Yule fundi jirani nimemwonyesha ile picha ya 10400F kwenye simu, naye ameiandika kwenye daftari lake.

Swali la mwisho: kijana ameiacha VGA ya juu wazi, kuna tatizo?

FundiWaIgoma

Kwa upande wa umeme haina tatizo. Ila mrudishe kile kifuniko cha plastiki, dada. Siku ambayo wewe haupo dukani mtu atahamisha meza, atachomoa waya, na atauchomeka kwenye tundu la kwanza atakaloliona.