Wanafunzi wa PhD wanakwepa kazi za idara, niwavute vipi?

Mkaimu: Wakuu habari za humu. Niko chuo kimoja cha umma, jina nalihifadhi. Mwaka huu nimetupiwa uratibu wa wanafunzi wa uzamivu. Mkuu wa idara anataka washiriki shughuli zetu: semina ya kila Alhamisi, mihtasari ya vikao, kuwapokea wanafunzi wapya wa masta, kukaa bandani wakati wa maonesho ya elimu ya juu pale Mnazi Mmoja. Hajitokezi mtu. Juzi mgeni katoka Morogoro kuja kuwasilisha, ukumbini tuko wanne, mmoja ni fundi wa projekta. Aibu nimeimeza mimi. Niwahamasisheje? Ushauri tafadhali, siyo matusi.

Nyundo ya Saba: Mnawalipa?

Mkaimu: Hapana mkuu, ni moyo wa kujitolea. Ila chai na sambusa zipo.

Kalamu Butu: Nilisomea Marekani. Kule mwanafunzi wa PhD akifundisha au akisahihisha mitihani ni ajira, ana mshahara, na kugoma wanajua. Mwishoni mwa 2022 waligoma watu kama 48,000 pale University of California, wengi wao wanafunzi hao hao. Kamati na semina ni za kujitolea kweli, lakini kwenye idara niliyosoma mimi mwakilishi wa wanafunzi alikaa mezani na maoni yake yaliandikwa. Wenu akija anafanya nini zaidi ya kupanga viti?

Mama Wawili: Semina saa ngapi?

Mkaimu: Saa 4 asubuhi.

Mama Wawili: Si ndiyo hapo! Wengi wanaosoma PhD nchi hii ni waajiriwa, na wengine ni wahadhiri wasaidizi wa vyuo vingine, saa 4 wako darasani wanafundisha. Peleka saa 10 jioni kwanza, halafu ndiyo ulalamike.

Mzee wa Joho: Sisi hatukuuliza malipo. Mwaka wangu wa kwanza nilisimama banda la Mnazi Mmoja kutwa nzima. Mama mmoja kaning'ang'ania, binti yake ana D ya Kemia, "udaktari hamtamfikiria kweli baba?" Nikamtafutia kozi tatu anazoweza kuomba, nikamwandikia nyuma ya kipeperushi, akaniombea dua pale pale. Kumbe profesa yuko nyuma yangu anasikiliza. Haikupita muda akaniingiza kwenye mradi wake, na huo mradi ndio ulionilipia kazi yote ya uwandani. Vijana wa sasa mnataka PhD kama chipsi yai, dakika kumi ishaiva.

Nyundo ya Saba: Mzee hadithi tamu ila kaulizwa mwingine. Mkaimu, kuna kitu unaficha. Mpaka sasa umeshafanya nini?

Mkaimu: Sijafanya kitu kibaya. Nimeweka utaratibu tu. Ripoti ya maendeleo ya nusu mwaka haiendi mbele mpaka mtu awe na semina tatu. Tangazo limeshabandikwa.

Mama Wawili: Eheee! Hiyo ipo kwenye kanuni za chuo?

Mkaimu: Kanuni hazijakataza. Na tangu nibandike wamekuja wawili wapya, kwa hiyo inafanya kazi. Jamani bila kusukumwa hawa watu hawatoki majumbani.

Mama Wawili: Wamekuja au wameletwa? Mwenye ufadhili bila ripoti, posho ya awamu inayofuata inakwama. Unachezea kodi ya nyumba ya mtu kwa ajili ya sambusa. Achia ripoti zote kesho. Kisha waambie wachague wao mgeni wa kumwalika, wao waendeshe kikao, na mkuu wa idara awape barua ya kutambua mchango wao. Siku ya kuomba kazi ya uhadhiri hiyo barua wataitafuta wenyewe.

Bwana Swali: Wadau mnapigwa chai, hadithi ya kutunga hii. Huyu jamaa kwenye uzi wake wa mwezi wa tatu anauliza andiko la utafiti wa PhD linaandikwaje. Asiye na PhD anaratibu vipi wanaosoma PhD? Anasaini ripoti kama nani?

Kijana wa Kota: Chai ya semina imekosa wanywaji, kaileta jukwaani 😂

Kalamu Butu: Hata mimi hilo la mgeni wa Morogoro na fundi wa projekta nililitilia shaka.

Mkaimu: Siyo chai. Mratibu mwenyewe yuko nje kwa likizo ya utafiti, nimekaimishwa kwa mdomo. Na sisaini mimi, anasaini mkuu wa idara. Kwangu zinapita tu. Ziko salama kwenye droo, ndani ya bahasha ya kaki.

Nyundo ya Saba: Mkuu wa idara anajua ziko kwenye droo?

Mkaimu: Hajauliza.

Mzee wa Joho: Dah. Na mimi nilikuwa upande wako.

Mgeni Mpya: Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Hiyo projekta ina mstari wa kijani upande wa kushoto? Kaka, ripoti yangu nilikukabidhi mkononi, ukaniambia iko mezani kwa mkuu wa idara. Kesho saa 2 asubuhi nipo mlangoni kwako.

Mkaimu: Mods naomba uzi ufungwe.

Kijana wa Kota: Usifungwe! Mgeni Mpya, kesho tunasubiri mrejesho.