Je, ngoma na maigizo vinaweza kumsaidia mjane kupata shamba lake?

Mwanakikundi wa Chamwino ameuliza:

Ndugu zangu, salaam. Kikundi chetu cha ngoma na maigizo kimezoea kualikwa kutumbuiza katika mikutano ya hadhara na sherehe za kiserikali. Safari hii akina mama wa kikundi wametaka tutunge igizo letu wenyewe kuhusu wajane wanaonyang'anywa mashamba na ndugu wa marehemu, kero ambayo imezidi kuwa chungu tangu Serikali ilipohamia Dodoma na bei ya ardhi ikapanda. Mzee mmoja ametuuliza: watu watacheka, watapiga makofi, kisha watatawanyika, sasa shamba litarudije? Naomba mnisaidie kumjibu. Je, sanaa imewahi kuwasaidia watu kudai haki, au inawaburudisha tu wakati wengine wanahangaika mahakamani?

Mwalimu Mstaafu, Kongwa:

Kwetu Kongwa jibu liko karibu. Kuanzia mwaka 1964 wilaya hii ilikuwa na kambi za wapigania uhuru kutoka Msumbiji, Afrika Kusini, Namibia na kwingineko. Mwaka huohuo Vuyisile Mini, kiongozi wa wafanyakazi na mtunzi wa nyimbo za ukombozi, alinyongwa na serikali ya makaburu huko Pretoria, lakini nyimbo zake ziliendelea kuimbwa. Mkutano wa kisiasa unaweza kupigwa marufuku, na gazeti linaweza kufungiwa. Mazishi ni vigumu kuyazuia, na watu wakikutana mazishini huimba. Hata wimbo wetu wa Taifa tunauimba kwa sauti aliyoitunga Enoch Sontonga wa Afrika Kusini mwaka 1897, sauti ambayo wananchi wa nchi hiyo waliifanya kuwa yao ya mapambano. Sidai kwamba nyimbo ndizo zilizouangusha ubaguzi wa rangi. Ziliwaweka watu pamoja kwa miaka ambayo hapakuwa na dalili yoyote ya ushindi, na hilo si jambo dogo.

Mpenda Ushairi:

Shikamoo Mwalimu. Nakubaliana nawe nusu tu. Ngonjera, ambazo kila aliyesoma shule ya msingi amezighani, zilianzishwa na mtu wa hapa hapa Dodoma, marehemu Mathias Mnyampala, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 zilitumika sana kueneza siasa ya ujamaa. Zilikuwa sanaa nzuri, ila zilisema kile ambacho wakubwa walitaka kisikike. Siku hizi mwenye sauti ni mfadhili: kikundi hulipwa posho na kuimba maneno yaleyale yaliyochapishwa kwenye fulana. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama sanaa inasaidia haki, ulizeni kwanza ni nani aliyetunga, na ni nani anayelipia usafiri.

Mama Sanaa, Dodoma Mjini:

Hapo ndipo penye kiini. Mwaka 1996 Amandina Lihamba na Penina Mlama wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha mradi wa Tuseme katika shule za sekondari. Wasichana wenyewe walichunguza mambo yanayowakwamisha masomoni, wakayatungia igizo, wakaliigiza mbele ya walimu wao, kisha pakawa na mjadala. Mwanafunzi ambaye asingethubutu kumwambia mwalimu jambo fulani ofisini aliweza kulisema akiwa ndani ya uhusika.

Nimewahi kuongoza igizo la namna hiyo chini ya mbuyu, katika kijiji ambacho sitakitaja. Tulipofika mahali ambapo shemeji anamwambia mjane afungashe vyombo, tulisimamisha mchezo na kuuliza nani angefanya tofauti. Bibi mmoja aliinuka, akachukua kanga ya mwigizaji, akajifunga kiunoni, akamgeukia aliyeigiza mwenyekiti: "Leta muhtasari wa kikao kilichompa marehemu shamba. Jina langu halimo?" Mwenyekiti halisi alikuwa amekaa mstari wa mbele. Hakucheka.

Mchezo wenu basi uwe na sheria ndani yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanamume, na mila inayomnyima haki hiyo haina nguvu kisheria. Ugumu ni kwamba kanuni za kimila za mwaka 1963, ambazo zinamnyima mjane urithi, bado zinanukuliwa vikao vya ukoo vinapoketi. Waalikeni wajumbe wa Baraza la Ardhi la Kijiji wakae hadi mwisho wajibu maswali, na mwoneni mapema afisa utamaduni kuhusu usajili wa kikundi. Kisa kisifanane na familia yoyote inayojulikana, la sivyo mtazua ugomvi mwingine.

Ngoma ya muheme msiiache. Hupigwa na wanawake, na zamani iliandamana na unyago wa wasichana. Ikianza kulia, hakuna mama wa Kigogo atakayebaki jikoni.

Mwanakikundi wa Chamwino:

Nawashukuru nyote. Tumekubaliana kuiondoa sehemu ya mwisho, ambamo hakimu alikuwa anatoa hukumu, ili waliohudhuria waamue wenyewe. Tatizo lililobaki ni kwamba hakuna mwanamume kikundini anayekubali kuigiza shemeji mnyang'anyi, kila mmoja anahofia jina litamganda. Mama mmoja ameshaazima koti na kofia ya mumewe.