Nimenyimwa u-ssenga (nafasi ya shangazi) kwa kuwa sijaolewa. Niende kwanjula (sherehe ya kumtambulisha mchumba) au nibaki?

Bi_Kibuli: Wanajukwaa, salamu. Nina miaka 43, sijaolewa wala sihangaiki kutafuta. Kazi ninayo, kiwanja Matugga, nje ya Kampala, ninacho, na marafiki wa kufa na kuzikana. Binti wa kaka yangu ana kwanjula Desemba. Kwa mila za Baganda, ssenga, yaani shangazi upande wa baba, ndiye anayemleta mchumba mbele ya wazee, na shangazi wa damu ni mimi peke yangu. Karo yake ya sekondari nililipa mimi. Juzi kikao kikamteua binamu yetu, eti mimi "huyu atamfunda nini na mwenyewe hana mume?" Habari nimezikuta kwenye kikundi cha WhatsApp, chini yake mchango niliopangiwa: shilingi milioni mbili. Kwenye hela mimi ni ukoo kamili! Binti kanipigia analia. Niende?

Mzee_wa_Owino: Nenda. Na gomesi, vazi letu la sherehe, iwe ya kuwaumiza macho.

Mama_Twaha: Mdogo wangu, usinune, lakini wana hoja. Ssenga hufunda mambo ya ndani. Zidisha dua, riziki haina umri.

Bi_Kibuli: Dada, huyo aliyeteuliwa ameachika mara mbili. Simsimangi, nauliza tu kipimo ni kipi.

Kapera_Jinja: Hata sisi wanaume. Nimepita arobaini, kwenye vikao vya ukoo bado natumwa kupanga viti. Vijana niliowabeba mgongoni wanaketi na wazee kwa sababu wana wake. Mwenye nyumba mmoja alininyima chumba, anataka "watu wa familia".

Nesi_Mbale: Bella DePaulo, mwanasaikolojia wa Marekani ambaye hajawahi kuolewa, ameandika miaka mingi kuhusu ubaguzi huu. Kwake, kuishi bila mwenzi si ugonjwa. Nami wodini naona wenye ndoa wanaokufa kwa upweke. Hata Shirika la Afya Duniani, lilipounda tume ya upweke mwaka 2023, halikusema dawa ni harusi. Ndugu, jirani, rafiki, wote wamo. Kwa hiyo usimkate huyo binti kwa hasira za wazee wake, atakayekosa ni wewe na yeye. Ila milioni mbili usitume kwanza. Nenda kwa kaka yako ana kwa ana, si kikundini. Baba wa binti ana neno, na huenda anaogopa wazee tu.

Kapera_Jinja: Akikataa, changia unachotoa kama mgeni.

Bi_Kibuli: Jumapili naenda kwake. Mama Twaha, dua nimepokea. Na mchango wako nao naupokea.