MJADALA: Bingwa wa Sligo kukutana na daraja la tano la Cork, nani anaonewa?

Wanajamvi, nawaletea mada ya halingi, mchezo wa Ayalandi wa magongo na kijipira kigumu, watu 15 kila upande.

Januari 2023, fainali ya nchi nzima ya klabu za juniori (daraja lililo chini ya wakubwa na wa kati) ilipigwa Croke Park, uwanja mkuu wa mchezo huu, Dublin. Ballygiblin ya Cork ikaifunga Easkey ya Sligo. Fainali iliyotangulia, Ballygiblin hao hao walilala kwa Mooncoin ya Kilkenny kwa pointi moja tu, kwa hiyo furaha yao naielewa kabisa. Kinachoniuma ni mpangilio.

Juniori hapa si watoto. Ni watu wazima wasiolipwa hata senti, wanaochezea kijiji chao. Sasa, Easkey walifika pale wakiwa mabingwa wa daraja la juu kabisa la Sligo. Hakuna klabu iliyo juu yao katika kaunti nzima. Ballygiblin walitoka daraja ambalo Cork ina mengine manne juu yake! Kilkenny nako, klabu 12 za wakubwa, 12 za kati, ndipo juniori inaanza. Ukisikia madaraja hayo utadhani Sligo ndiyo yenye nguvu. Wapi! Sligo ni watu wa kandanda ya Kigaeli, mchezo mwingine wa Ayalandi; halingi kwao ni dhaifu, ndiyo maana bingwa wao huingia juniori kitaifa. Mtoto wa Kilkenny anashika gongo tangu anajifunza kutembea. Kuanzia 2019 hadi 2024 kombe hili limezunguka kaunti mbili tu, Kilkenny na Cork.

Jingine: Ballygiblin walitwaa juniori ya Cork 2021, wakapanda daraja nyumbani, na mwaka uliofuata wakarudi kwenye kombe lile lile la taifa. Hilo ni haki?

*

Mkuu, heshima yako, ila hapa napinga. Easkey hawakubebwa na mtu. Walitwaa jimbo la Connacht, wakashinda nusu fainali, ndipo wakaingia Croke Park. Ukiwatengea kombe lao dogo, uwanja ule wataishia kuuona kwenye televisheni. Kufungwa na Cork si aibu, na timu haikui kwa kucheza na wanyonge wenzake.

*

Nimekusoma, ndugu yangu, na hoja ya Croke Park ni nzito. Lakini timu za kaunti zenyewe zimegawanywa kwa uwezo tangu 2005, yalipoanzishwa makombe ya Christy Ring na Nicky Rackard kwa kaunti zisizo na nguvu. Hakuna anayesema Sligo wanadharauliwa kwa kutopangwa na Kilkenny. Kwa nini klabu ya kijiji ndiyo ibebe mzigo ambao kaunti yake imetuliwa?

Siombi Cork wafungiwe mlango. Naomba klabu ikishapanda kwao, kitaifa nayo ihesabiwe imepanda, ikapambane na wa kati. Anayeona kanuni hiyo itawaumiza Ballygiblin bila sababu, aje aeleze kwa vipi.