Eti "hizo nyota zinalala hoteli gani?" Nimeulizwa hivyo leo mbele ya ukumbi mzima

Darubini Mbovu (mleta mada)

Wakuu habari za jioni, zangu si nzuri kwa hiyo msinisalimie. Na mods naomba huu uzi msiuhamishie jukwaa la vichekesho, nawajua mlivyo.

Nimetoka sasa hivi kwenye kikao cha ile kamati inayogawa hela za matukio, hata viatu sijavua, nimekaa kwenye ngazi za nje naandika mikono inatetemeka. Huyo mtu mnamjua. Jina silitaji, yule wa miwani kichwani, miwani ambayo toka nimfahamu haijawahi kushuka machoni, nadhani anasomea utosi. Kila aliyewahi kuomba hela ya tukio mji huu ameshapita mikononi mwake.

Sasa mimi nimepeleka ombi langu kule kwenye fungu la elimu, siku 3 tu, na nimechagua makusudi ule mwezi ambao hoteli zinabaki na wahudumu wanaopiga miayo. Asubuhi watoto wa hapa na watoto wa wageni wanajifunza pamoja kutambua ndege na kusoma ramani, mchana mhadhara wa historia ya mji, usiku tunapanda kule juu ambako taa hazifiki, watu wanapanga foleni kwenye darubini wanaiona Zohali na pete zake kwa macho yao. Fomu kurasa 11 nimejaza zote, mpaka kile kisanduku cha athari kwa mazingira ambacho najua wengi wenu huwa mnaandika "nzuri" mnasonga mbele.

Nikapewa dakika 5. Ya kwanza projekta imegoma, ya pili imewaka ila picha iko kichwa chini miguu juu, ya tatu ndo nafika kwenye slaidi ya anga la usiku, picha niliyokesha kuipiga, na hapo nikasikia watu wa nyuma wanasema "waaa" kwa sauti ya chini nikajua nimewapata. Yeye akasukuma kiti nyuma, kile cha magurudumu, krrr, akagonga kalamu mezani mara mbili, akasema

"Sawa tumekuelewa. Hizo nyota zinalala hoteli gani?"

Ukumbi ukapasuka. Watu walicheka mpaka anayeandika muhtasari akaweka kalamu chini, yaani tusi lenyewe halimo hata kwenye kumbukumbu za kikao.

HIZO NYOTA ZINALALA HOTELI GANI.

Mnajua nilijibu nini? Nilijibu "hapana." Swali linauliza hoteli gani mimi nikajibu hapana. Miaka yote hii ya shule jibu langu likawa hapana. Halafu nimefika hapa kwenye ngazi ndo akili imerudi: WEWE BABA, NYOTA HAZIANGALIWI MCHANA! Anayekuja kwenye mdundo wa saa nane mchana anaweza kupanda gari jioni akaenda kwao, ila anayekuja kuangalia nyota atake asitake LAZIMA ALALE! Hilo ndo tukio pekee duniani ambalo haliwezekani bila kulala! Na kafungu kenyewe kanatokana na tozo ya vitanda, ile anayolipa mgeni akilala hotelini! Na mimi nikasema hapana.

Kiti kile, krrr. Nadhani nitakisikia mpaka kaburini.

---

Siti ya Mbele

Nimekaa pale. Naomba mkeka.

---

Kijiko Kirefu

Mkuu pole ila nimecheka peke yangu kwenye gari mpaka abiria wamenihama. Jibu ni rahisi, ungemwambia nyota 5 zinalala hoteli ya nyota 5.

---

Bi Mkubwa wa Kona

Na zile nyota 3 zinalala bila kiamsha kinywa 😂😂

---

Darubini Mbovu

Endeleeni tu. Nimewaletea msiba nyie mnapiga vigelegele.

---

Mhasibu Mstaafu

Kijana, pole, ila nikueleze kitu maana hizo kamati nimezitumikia. Swali lile si tusi, ndo kipimo chao kilivyo. Hela inatoka kwa mgeni aliyelala, kwa hiyo kila ombi wanaligeuza wanauliza: hili litalaza watu wangapi, usiku mangapi, na wangekuja hata bila tukio au hawangekuja? Mtu wa muziki anakuja na namba ya vyumba, nyie wa elimu mnakuja na "watoto watapanuka mawazo". Mawazo hayana ufunguo wa chumba. Ungeenda kwanza kwa mameneja wa hoteli 2 au 3, uombe barua kwamba watatenga vyumba kwa bei ya tukio, halafu hizo barua ndo ziwe slaidi ya kwanza.

---

Darubini Mbovu

Mzee wangu shikamoo, nimekuelewa, na barua NILIKUWA NAZO, zilikuwa slaidi ya 9! Kiti kimerudi nyuma slaidi ya 4!

---

Kijiko Kirefu

Slaidi 9 kwa dakika 5, mkuu ulikwenda kuomba hela au kutetea tasnifu?

---

Msafiri wa Kweli

Huyo wa miwani aliyemuuliza mwenzetu hilo swali hajatoka nje ya geti. Kuna Jasper kule Kanada, mji wa watalii katikati ya hifadhi, anga lake la giza limetambuliwa rasmi tangu 2011 na tamasha lao la nyota wanaliweka Oktoba, wakati umati wa kiangazi umeshaondoka. Yaani ni wazo lile lile la mleta mada, kujaza mwezi mkavu kwa kutumia giza ambalo ni la bure! New Zealand ndo usiseme, Tekapo, eneo la zaidi ya kilomita za mraba 4,000 limetambuliwa 2012 kama hifadhi ya anga la giza, watu wanasafiri kukaa kwenye baridi wakiangalia juu. Na mwaka 2027, tarehe 2 Agosti, jua litapatwa kabisa juu ya Luxor, Misri, zaidi ya dakika 6 za giza mchana. Muulizeni huyo bwana kama jua nalo litachukua chumba, atajua hoteli za Luxor usiku wa tarehe 1.

---

Bi Mkubwa wa Kona

Tarehe 1 jua linalala hoteli gani?

---

Siti ya Mbele

Linaunga kitanda na mwezi

---

Mwana Kwaya

Mleta mada unalia kwa kukataliwa, sisi tuliolia kwa kukubaliwa tuseme nini? Mwaka jana kwaya yetu ilipitishwa, tukapiga makofi, tukakumbatiana, mwalimu wetu alitoa machozi. Hakuna aliyesoma karatasi ya nyuma. Kumbe hela yenyewe ni ya kurudishiwa, unatumia kwanza ya kwako, unapeleka risiti, unapeleka ripoti, unapeleka picha ambazo nembo ya mji inaonekana, ndo unalipwa. Jukwaa tulilipa kwa kuchangishana, spika kwa kukopa, halafu ripoti ikarudi kwa sababu kwenye picha nembo imefunikwa na bega la mtu wa sauti ya nne. Bega! Mpaka leo tunadai. Na nani alisaini kuirudisha? Yule yule, utosi unaosoma.

---

Darubini Mbovu

Huyo huyo! Ndo huyo huyo! Na naapa alipoiona hiyo picha alisukuma kiti.

---

Mwana Kwaya

Krrr.

---

Mtu wa Mdundo

Nyie watu wa vitabu na kwaya mna wivu, semeni ukweli. Kila mwaka uzi ni huu huu. Sisi wa muziki tunaleta watu, barabara haipitiki, hoteli zinajaa, mpaka mabafu yanakosa maji ya moto. Nyie mnaleta watu 40 na blanketi.

---

Mhasibu Mstaafu

Ndugu, barabara isiyopitika si hesabu. Kibali cha kufunga barabara, walinzi wa ziada, wafagiaji wa alfajiri, hivyo vyote mji unalipa na havionekani kwenye ombi lako. Ukivijumlisha, zile blanketi 40 zinaweza kukuzidi kwa faida.

---

Mtu wa Mdundo

Mzee heshima yako lakini blanketi halinunui kinywaji

---

Jirani Asiyelala

Afadhali umejitokeza Mtu wa Mdundo, nilikuwa nakutafuta. Nyumba yangu inatazamana na hicho kiwanja chenu. Mwaka jana spika imepiga mpaka saa tisa usiku, dirisha la jikoni limelegea skrubu, NINAYO SKRUBU HAPA MKONONI, na nilipopiga simu ile namba ya malalamiko ikaita ndani ya fujo yenyewe, yaani mwenye simu ya malalamiko alikuwa anacheza mbele ya jukwaa. Mimi naunga mkono nyota. Nyota hazina besi.

---

Msomi Mchovu

Kidogo tu halafu naondoka. Aspen kule Colorado leo inajulikana kwa ski na matajiri, ila lifti yao kubwa ya ski ilifunguliwa 1947, na mwaka 1949 tu mji ule ukakaribisha watu kusikiliza mihadhara na muziki kwa kumbukumbu ya miaka 200 ya kuzaliwa Goethe, mshairi Mjerumani. Albert Schweitzer mwenyewe, yule daktari mmisionari wa Gabon, alisafiri mpaka milimani kule kuhutubia. Tamasha lao la muziki limetokana na hapo na mpaka leo linaita watu kiangazi, wakati hakuna theluji ya kutelezea. Sasa mtu angekaa pale 1949 na kiti cha magurudumu akauliza Goethe analala hoteli gani...

---

Kijiko Kirefu

Goethe alikuwa ameshalala muda mrefu mkuu

---

Siti ya Mbele

😂😂😂 nimetoka, nimeshindwa

---

Darubini Mbovu

Naona hakuna anayeelewa uzito. Sikukasirikia kukataliwa. Nimeshakataliwa, kukataliwa nakujua. Ni ile kalamu kugongwa mara mbili KABLA ya swali. Maana yake utani ulishapikwa, alikuja nao toka nyumbani, ameusoma kwenye fomu yangu akautunza. Alikaa anasubiri slaidi yake. Huenda alimjaribishia mkewe kwanza. Halafu nilipofika mlangoni natoka nikasikia anaurudia kwa aliyekuwa chooni wakati wa tukio.

---

Mama Vibanda

Choo kipi? Kile cha chini au cha korido?

---

Darubini Mbovu

Cha chini, kwani vipi

---

Mama Vibanda

Basi kimefunguliwa! Siku ya maonyesho ya vitabu tuliambiwa cha chini kibovu, wageni 200 tukawapanga kwenye vile vya plastiki vya kukodi nje, viwili tu, kimoja mlango haufungi unashikiliwa na mwenzio kwa nje. Nimeshika mlango kwa watu nisiowajua jumla ya saa nne. Kuna mama mmoja mgeni tumekuwa marafiki kabisa. Halafu kwenye ripoti nimeulizwa "wageni waliridhika kwa kiwango gani, 1 mpaka 5."

---

Mwana Kwaya

Vile vya bluu? Sisi tulipewa vile vile, na kwenye risiti wameandika vinne.

---

Mhasibu Mstaafu

Vinne? Hebu rudia. Risiti unayo?

---

Mwana Kwaya

Ninayo mzee, si ndo ile wamekataa kurudisha hela.

---

Jirani Asiyelala

Na hivyo vyoo kwa taarifa yenu huwa vinawekwa nyuma ya ukuta WANGU. Upepo ukigeuka tunafunga madirisha, na la jikoni halifungi kwa sababu ya skrubu.

---

Mtu wa Mdundo

Kwa hilo la vyoo hata mimi nawaunga mkono, kwa mara ya kwanza. Tulilipia 12 vikaja 7, na watu elfu mbili wanaruka ruka.

---

Mama Vibanda

Mleta mada hoja yako ni nzito ila nakuomba, kwenye kikao kijacho ukipata nafasi ya kusema uliza na hili la vyoo.

---

Darubini Mbovu

Jamani uzi unahusu NYOTA.

---

Bi Mkubwa wa Kona

Tunajua mkuu, tulia kwanza. Mwana Kwaya weka picha ya risiti.

---

Mwana Kwaya

Naitafuta, iko kwenye simu ya mwalimu.

---

Mhasibu Mstaafu

Kabla ya picha, niambie, kampuni iliyoleta ni ile ya lori jeupe au ile nyingine?

---

Mama Vibanda

Lori jeupe, dereva mwenye kofia, hashuki.

---

Mtu wa Mdundo

Huyo huyo hashuki, anapiga honi uje upakue mwenyewe

---

Darubini Mbovu

Subirini, lori jeupe lenye taa moja mbele? Hilo nami nililipa malipo ya awali mwezi uliopita, kabla ya kikao, nikijua hela itapita. Wanarudishaga hawa?