Sheria, uthamini au diploma Tabora: anayetaka kusomea ardhi achague lipi?

MgebukaMkavu (Kigoma)
Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu kamaliza kidato cha sita hapa Kigoma, HGE (Historia, Jiografia na Uchumi), na kichwani ana ardhi tu. Amekua akiona baba na ba'mkubwa wakivutana shamba la michikichi kule Mwandiga. Naona njia tatu: shahada ya sheria UDSM, Usimamizi wa Ardhi na Uthamini pale Chuo Kikuu Ardhi, au diploma Chuo cha Ardhi Tabora, ambako anapanda treni tu anafika. Mzee anataka "mwanasheria wa familia". Nipeni uzoefu, kejeli wekeni pembeni.

BintiUnyanyembe (Tabora)
Mimi ni sheria. Miaka minne, halafu Shule ya Sheria kwa Vitendo ndipo uitwe wakili. Mzee aambiwe mapema, ada haiishii kwenye joho la kwanza.

Somo la ardhi ni tamu ila linatesa. Vitabu vingi vya maktaba ni vya Uingereza, unakesha unakariri aina za umiliki wa kule, kumbe huku umiliki wa kudumu wa kikoloni ulifutwa mwaka 1963. Ardhi yote ni ya umma, Rais ni mdhamini, sisi wengine tuna haki ya kuitumia. Mwenye hati ya mjini anapewa muda, mwisho miaka 99. Mwenye hakimiliki ya kimila kijijini anaweza kukaa bila ukomo. Mtihani ukauliza nani ana haki yenye nguvu zaidi, nusu ya darasa tukaandika mwenye hati. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 kinasema ziko sawa! Maksi zikaenda na maji.

FundiPlani (Urambo)
Diploma msiidharau. Nimetoka hapo Tabora, leo nazunguka vijijini kwenye kazi za hati za kimila. Vumbi, pikipiki, wazee wanabishania mpaka wa mwembe uliokatwa zamani. Kama dogo anapenda kukaa ofisini, asije.

MzeeWaReli
Na Chuo Kikuu Huria je? Sheria ipo na kituo Kigoma kipo. Anasoma huku anauza dagaa.

BintiUnyanyembe
Inawezekana mzee wangu, ila inataka mtu wa kujisukuma. Kijana aliyetoka shule juzi atasema "nitasoma kesho" mpaka mitihani.

MchikichiMmoja (Dar, mzaliwa wa Kasulu)
Nitetee uthamini. Sheria ya Ardhi inahesabu vinavyoota juu ya ardhi kuwa sehemu ya ardhi yenyewe. Madini na mafuta ndiyo hayamo. Sasa nyumbani kwetu babu alimwekea jirani michikichi minane rehani, shamba likabaki lake. Barabara ikipita hapo, fidia ya michikichi anachukua nani? Mwanasheria atakwambia nani ana haki. Haki hiyo ni shilingi ngapi, hapo ananiita mimi. Hesabu zipo lakini, asidanganyike. Na akimaliza bado kuna Bodi ya Usajili wa Wathamini, huwezi kujiita mthamini kwa cheti cha chuo peke yake.

MgebukaMkavu
Hesabu alipata D. Nahisi sheria inamvuta, tatizo ni ile kesi ya shamba na ba'mkubwa, mzee anasema itamsubiri dogo amalize.

BintiUnyanyembe
Ngoja kwanza! Ba'mkubwa aliingia shambani lini, na kwa ruhusa ya nani?

MgebukaMkavu
2016. Aliingia tu babu alipofariki, hakuna aliyempa.

BintiUnyanyembe
Angekuwa amekaribishwa, miaka isingemsaidia, mwalikwa hageuki mwenye mali. Ila kama aliingia tu, ukomo wa kudai ardhi ni miaka 12. Piga hesabu: 2028. Dogo miaka minne chuoni na Shule ya Sheria juu yake, muda wa mzee kudai shamba utakuwa umepita. Aende akasome anachopenda. Mzee aanze baraza la kata, siku hizi linapatanisha tu, haliamui tangu 2021. Wakishindwana, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

MgebukaMkavu
Namwonyesha mzee sasa hivi. Miwani yake sijui iko wapi.